Pori la Mpanda na Hesabu ya Nishati

Kuna neno moja ambalo limeiponza sana nchi ya magharibi, nalo ni neno "pori". Mtu akisema shamba, ataulizwa ni la nani. Akisema kijiji, ataulizwa mwenyekiti wake ni nani na kisima kiko wapi. Lakini akisema pori, mazungumzo yamekwisha. Pori halina mwenyewe, halina historia, na lolote litakalofanywa juu yake huhesabiwa kuwa faida. Mpanda, pamoja na eneo zima ambalo tangu mwaka 2012 linaitwa Mkoa wa Katavi, limeitwa pori katika majalada ya serikali mbalimbali kwa karibu miaka mia moja.

Nalitaja neno hilo kwa sababu nataka tuzungumze juu ya nishati zile ambazo siku hizi huitwa jadidifu, na ambazo zamani tulizoea kuziita nishati mbadala: mafuta ya mimea, maji ya mito, mwanga wa jua. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa nishati hizi hazikwishi, basi hazidhuru. Wataalamu wanajua kwamba sivyo, na ndiyo sababu wakaweka utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira. Lakini tathmini yoyote huanza na swali ambalo mara nyingi hujibiwa kwa haraka kuliko mengine yote: hapo mahali kulikuwa na nini kabla? Huku kwetu jibu limekuwa moja siku zote. Kulikuwa na pori.

Ndugu msomaji, tuliangalie hilo pori kwanza. Miti yake mingi ni ya jamii ya miyombo na mitundu, na katikati yake mininga, ule mti ambao mafundi seremala wa nchi nzima wanaupenda. Udongo wake si wa rutuba nyingi. Mali ya msitu huu iko katika miti yenyewe, katika mizizi na katika majani yanayooza polepole. Wakonongo wa Inyonga walining'iniza humo mizinga yao ya magome, na asali yake hata leo husafirishwa kwa madumu mpaka mijini. Wabende na Wapimbwe waliwinda humo, wakachimba dawa, wakalima na kuhama, na shamba lililoachwa likarudi kuwa msitu. Hayo yote ni matumizi ya ardhi, ila hayaonekani kwa mtu anayetafuta uzio na matuta.

Aidha, utupu wenyewe wa pori hili umetengenezwa. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza, ikipambana na ugonjwa wa malale, iliwakusanya watu wengi wa magharibi ya Tanganyika katika makazi makubwa ili wasiishi wametawanyika kati ya mbung'o. Sina ugomvi na nia ya kuokoa maisha, kwani malale yalikuwa yanaua kweli. Lakini vijiji vilivyohamwa vilifunikwa na miti, na msafiri aliyepita baada ya miaka 20 hakuona mahame wala makaburi. Aliona miti tu, akaandika kwamba nchi haina watu.

Msafiri wa namna hiyo alikuja kwa ndege mwaka 1946. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na njaa ya mafuta, na Bwana Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alikuwa ametoa wazo la kulima karanga kwa matrekta katika Afrika ya Mashariki. Ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukiwa angani, ukarudi na pendekezo la kulima zaidi ya ekari milioni 3. Sehemu zilizopendwa zilikuwa zile zenye watu wachache. Moja yao ilikuwa Urambo, karibu na Kaliua, mahali ambapo reli ya kwetu Mpanda inaungana na Reli ya Kati.

Kisa cha karanga kinajulikana, nami sitakirefusha. Mwaka wa kwanza, 1947, mpango ulikuwa kupanda ekari 150,000; zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Matrekta mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita, na miti iliangushwa kwa minyororo iliyovutwa kati ya matrekta mawili. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mpango ule ikiwa imepoteza karibu pauni milioni 36. Ni kweli mafuta yale yalikuwa ya kula, si ya kuendeshea mitambo. Lakini namna ya kufikiri ndiyo ninayoitaja hapa. Hesabu iliyopigwa London ilikuwa na safu ya gharama za matrekta, mbolea, reli na bandari. Ardhi na msitu havikuwa na safu. Viliingizwa kama sifuri.

Baada ya karanga, Urambo ikageukia tumbaku, na tumbaku ikasogea mpaka Mpanda. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika bani, na bani hula kuni usiku na mchana. Wakati huohuo reli ya Mpanda ilikuwa imefika kwa ajili ya madini ya risasi, ambayo yalichimbwa hapa katika miaka ya 1950. Nitayarudia madini hayo mwishoni. Kisha mwaka 1972 ndugu zetu wa Burundi walikimbia mauaji, wakapewa makazi ya Katumba kando ya reli hiyo, na mwaka 1978 yakafunguliwa makazi ya Mishamo. Barua za ofisini zilisema wamepewa pori. Wao waliligeuza kuwa mashamba ya mahindi, mihogo na tumbaku, na watu wa kwao wapatao 162,000, pamoja na wale wa Ulyankulu, walikuja kupewa uraia wa Tanzania.

Basi tuje kwenye mbono.

Mti huu wazee wanaujua. Jina lake kamili ni mbono kaburi, kwa kuwa hupandwa makaburini. Asili yake ni Amerika ya Kati, na inaaminika kwamba Wareno ndio walioueneza. Ng'ombe na mbuzi hawauli, mbegu zake ni sumu, na watoto waliozitafuna walitapika. Kwa sababu hizo hizo ulifaa kuwa uzio na alama ya mpaka. Mbegu yake ina mafuta karibu theluthi moja ya uzito wake, na akina mama wa zamani waliyatumia kwa taa na sabuni. Hakuna aliyefikiri kuufanya shamba.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 2000. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda mwaka hadi mwaka, mpaka Julai 2008 pipa likafika dola 147. Ulaya ilitaka mafuta yasiyochafua hewa. Ikasemwa duniani kote kwamba mbono huota katika ardhi iliyochoka, hautaki maji mengi, haushindani na chakula, na kwamba dizeli yake haiongezi hewa ukaa kwa kuwa mti huinyonya hewa hiyo unapokua. Makampuni yakaja. BioShape ya Uholanzi ilikwenda Kilwa ikapata hekta 34,000 zilizokuwa za vijiji vinne. Sun Biofuels ya Uingereza ilikwenda Kisarawe ikapata hekta 8,211. Huku Mpanda ilikuja kampuni ya Kijerumani, PROKON, ambayo kwao ilijulikana kwa mitambo ya upepo.

Hapa lazima niseme haki. PROKON haikuchukua ardhi. Ilifanya mikataba na wakulima wadogo wapande mbono katika mashamba yao wenyewe na kuiuzia mbegu. Taarifa ya Emmanuel Sulle na Fred Nelson, iliyochapishwa London mwaka 2009, inaitaja Mpanda kwa hekta 10,000 za kilimo cha mkataba. Kati ya njia zote zilizojaribiwa nchini, njia hii naiona kuwa ya kiungwana zaidi. BioShape ilipofilisika mwaka 2010 na shamba la Kisarawe lilipokwama mwaka 2011, wanakijiji walibaki wakiuliza ardhi yao sasa ni ya nani. Mkulima wa Mpanda hakuwa na swali hilo. Alibaki na shamba lake na miti asiyoihitaji.

Lakini athari kwa mazingira ni jambo lingine, na ndipo neno pori linaporudi. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za mwaka 2005, inadai mradi mkubwa ufanyiwe tathmini kabla ya kuanza. Ni sheria nzuri. Ila naona iliandikwa ikiufikiria mradi wenye geti: kiwanda, bwawa, shamba moja kubwa. Kilimo cha mkataba hakina geti. Ni ekari moja huku, nusu ekari kule, katika vijiji vingi. Ukisimama katika shamba la mtu mmoja huoni athari yoyote ya kuandikia ripoti. Ukizijumlisha hekta 10,000, unaiona.

Na hata hivyo inategemea mbono umepandwa wapi. Mbono wa mpakani haukati mti hata mmoja. Mbono unaopandwa katika shamba lililochoka huenda ukaurudishia udongo uhai kidogo. Lakini mbono uliopandwa mahali palipokuwa na miyombo na mitundu una hesabu tofauti kabisa, na mkulima yeyote anayo njia tatu za kutimiza mkataba wake: kupanda mpakani, kupunguza mahindi, au kufyeka mbele. Katika nchi inayoitwa pori, kufyeka mbele ndiko kwenye gharama ndogo kuliko zote.

Hesabu hiyo ilipigwa mwaka 2011 na Henny Romijn, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi. Alikusanya vipimo vya wataalamu wa misitu juu ya miombo ya Afrika, akauliza: ukiukata msitu huu na kupanda mbono, itachukua muda gani mpaka hewa ukaa iliyookolewa na mafuta ya mbono ilipe ile iliyotoka katika miti na udongo siku ya kufyeka? Jibu lake lilikuwa zaidi ya miaka 30. Kwa lugha ya dukani ni kwamba mkulima anayefyeka miombo leo ili Ulaya ipate dizeli safi anaiingiza dunia katika deni ambalo atakuja kulimaliza mjukuu. Penye ardhi iliyoharibika kweli, alisema, mbono unaweza kuwa na faida. Na pale ambapo msitu umeharibika nusu, hukumu inategemea zaidi kaboni iliyomo ardhini kuliko miti inayoonekana kwa macho. Kwa hiyo alitaka maneno kama "ardhi iliyoharibika" yaelezwe vizuri kabla ya kutumiwa kugawia ardhi.

Niliposoma hayo nilifurahi kwa namna fulani ya uchungu. Mzungu wa Eindhoven alikuwa ameligusa neno letu pori bila kulijua. Mtu aliyepita angani mwaka 1946 na mtu aliyetazama ramani mwaka 2006 wangeweza kusema kwa sauti moja kwamba nchi hii ni tupu, nao wasingekuwa waongo kwa macho yao. Kilichomo kiko chini ya ardhi.

Serikali ilisimamisha miradi mipya ya mafuta ya mimea mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatoa mwongozo. Kwa wakati huo mambo yalikuwa yameanza kupoa yenyewe. Kabla mwaka 2008 haujaisha pipa la petroli lilikuwa limeshuka chini ya dola 40, na katika nchi nyingi mbono ulizaa kidogo kuliko ilivyoahidiwa, kwani mti unaoweza kuishi katika ardhi mbaya si lazima uzae katika ardhi mbaya. Januari 2014 PROKON iliomba kufilisiwa huko Ujerumani, ikiwa na deni la takriban euro bilioni 1.4 kwa watu wapatao 75,000 waliokuwa wameiwekea fedha, na baadaye ikaendelea kama ushirika wa umeme wa upepo. Magazeti ya huko yaliandika sana juu ya wenye fedha hao. Juu ya wakulima wa mbono wa Mpanda sikuona mstari.

Ngoja nichepuke kidogo kuhusu mkaa, kwa sababu ndio nishati ambayo wengi wetu tunapikia, nao pia kwa tafsiri ya vitabuni ni nishati jadidifu. Mkaa unalaumiwa na kila mtu, hata na wale wanaoununua. Lakini mtazame mchoma mkaa na mkulima wa zao jipya wakiwa katika msitu mmoja. Wa kwanza anakata mti na kuacha kisiki. Miti ya miombo huchipua visikini, na kama moto wa kiangazi na jembe havikufuata, baada ya miaka 20 au 30 pana msitu tena. Wa pili anang'oa kisiki. Hapo hapachipui kitu. Sisemi kwamba mkaa ni mwema, maana magunia yanayopangwa kwenye vituo vya reli yetu si machache, na moto wa kiangazi kwa kawaida hufuata. Nasema tu kwamba nishati iliyopewa jina chafu na nishati iliyopewa jina safi zinapaswa kupimwa kwa kipimo kimoja, na kisiki ni kipimo kizuri.

Je, yuko aliyewahi kutazama kwanza? Yuko, na si mbali. Mto Ugalla, unaopita kaskazini ya Mpanda, humwaga maji yake katika Malagarasi, na Malagarasi huteremka kuelekea Ziwa Tanganyika kwa maporomoko yanayoitwa Igamba. Februari 2008 Tanzania na Marekani zilitia sahihi mkataba wa msaada wa dola milioni 698, na ndani yake ulikuwamo mpango wa kujenga kituo kidogo cha umeme wa maji hapo Igamba kwa ajili ya Kigoma, mkoa ambao kama Mpanda uliishi kwa majenereta ya dizeli. Wataalamu wa mazingira wakaenda kuutazama mto. Mto huo una mambo yake. Inaaminika kwamba ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe, kwamba kabla bonde la ufa halijazama maji yake yalikuwa yakielekea Kongo, na mpaka leo wamo humo samaki wa Kongo ambao ziwani hawamo. Katika maporomoko yale walikutwa viumbe wa majini adimu kiasi kwamba mpango ulisimamishwa, na fedha zikapelekwa kwenye umeme wa jua kwa shule, zahanati na masoko ya vijiji vya Kigoma.

Watu wa Kigoma walinung'unika, nami ninawaelewa. Ni vigumu kumwambia mama anayejifungua kwa mwanga wa kibatari kwamba umeme umezuiliwa na samaki na konokono. Lakini nikilinganisha na Kihansi naona tofauti. Kule ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza ndipo, mwaka 1996, akagunduliwa chura mdogo wa manjano aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko hayo tu, na si mahali pengine duniani. Kituo cha megawati 180 kilifunguliwa mwaka 2000, manyunyu yakakatika, na mwaka 2009 chura yule akatangazwa kuwa ametoweka porini, akiwa amebaki katika matangi ya kufugia Marekani. Kutengeneza manyunyu ya mabomba na kuwarudisha vyura kwa ndege, kazi iliyoanza mwaka 2012, kumegharimu zaidi ya ambavyo ingegharimu kutazama mapema. Igamba walitazama mapema. Na umeme wa Malagarasi haukufa kwa ajili hiyo: mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kugharimia kituo cha karibu megawati 50 katika mto uleule. Samaki wake safari hii walijulikana kabla ya koleo la kwanza, na anayetaka kuwasahau itabidi awasahau kwa maandishi.

Limebaki jua. Katika vijiji vya Katavi siku hizi paneli juu ya bati si jambo la ajabu, na mwenye macho hawezi kukana kheri yake: kibatari kimepungua, simu zinachajiwa, daktari anaona anachokishona. Paneli yenyewe haina makosa makubwa. Neno liko kwenye betri.

Nilisema nitarudi kwenye madini ya risasi. Reli ya Mpanda ilijengwa ili kuyatoa. Yalisafirishwa mpaka pwani na kwenda ng'ambo. Leo risasi inarudi Mpanda kwa mlango mwingine, kwa maana zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya kawaida, kama ile ya gari, ni madini hayo. Betri ya namna hiyo ikitumiwa kwa umeme wa jua nyumbani huishi miaka michache tu. Ikifa, tindikali humwagwa nyuma ya karakana na risasi huuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hatima yake tunaweza kuisoma Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kati ya watu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Damu ya watoto ilikuwa na risasi. Phyllis Omido, mama aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe alidhurika, aliongoza madai. Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024.

Betri za aina mpya, zisizo na risasi, zipo na bei yake inashuka. Lakini ninapopita katika maduka ya Mpanda naona zile nzito bado zimepangwa chini, kwa sababu ndizo za bei nafuu. Nimekuwa na desturi ya kumwuliza muuzaji ikifa niipeleke wapi. Mmoja alicheka, akanionyesha kwa kidole ng'ambo ya barabara, palipo na vichaka, akasema, "Mzee, pale nyuma si pori tu?"